Kilo za Mashuka Mabichi

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya mwezi uliopita ambayo nilikuwa nimekuwekea nikasahau kuituma. Huku tu wazima wote. Baba amevunja miwani ya pili mwaka huu, na mwaka wenyewe bado mchanga. Anasoma gazeti kwa kulisogeza mbali mpaka mkono unamwishia, kisha anatuambia siku hizi magazeti hayana habari. Mdogo wangu anakusalimu sana. Mtoto wake ameota jino moja, na analitumia kuwauma wote wanaompenda.

Ningekupigia simu, ila nakujua. Simu unaishika kama pasi iliyokatika mpini na unaikata kabla sijamaliza salamu. Kwa hiyo kaa chini unisome.

Nimefanywa msimamizi wa chumba cha kufulia. Yule wa zamani amestaafu, na bosi wa huduma za hospitali akaniita ofisini kwake akaniambia nishike mimi. Watu kumi, mashine nne, vikaushio viwili na rola moja ya kupigia pasi inayolia kuliko inavyofanya kazi. Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilimkumbuka yule mtoto uliyemsimamisha juu ya kreti la soda ili afikie karai, ukamfundisha kusuuza mpaka maji yaseme kweli.

Ila ni kwa majaribio, Shangazi. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei. Nikishindwa nitarudi mashine namba mbili, na nitapita mbele ya watu wote kumi nikirudi.

Kwa hiyo sitaki kushindwa. Bosi anasema watu wasio na lengo wanazubaa, na mimi nimeona hivyo kwa macho yangu. Nimenunua ubao mweusi. Kila mtu atakuwa na mstari wake na kapu lake, na kila kapu litapimwa kwenye mizani pale mlangoni, likiwa na mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Kilo arobaini kwa zamu. Anayefikisha anachorewa nyota. Asiyefikisha ninapiga mstari mwekundu chini ya jina lake, ili ajue.

Nina mtu mmoja tu wa kunitia wasiwasi. Ni mama mmoja wa makamo, anakunja mashuka kona zikawa kali mpaka wauguzi wamempa jina la Bi Kona. Mikono yake ni dhahabu, lakini hatulii mezani kwake. Akiona mtu anahangaika na shuka kubwa anakwenda kumshikia pembe ya pili, kisha anakwenda kwa mwingine, hivyo hivyo zamu nzima. Nadhani ubao utamtuliza.

Niombee. Na unijibu upesi, nina hamu ya kusifiwa.

Mwanao,
Kiroboto


1 Machi

Kiroboto,

Marahaba, zote mbili. Barua yako ilinifikia kwa kuchelewa kwa sababu jirani yangu ndiye aliyeichukua, na jirani yangu kabla ya kumpa mtu barua lazima kwanza ampe habari za mtaa mzima. Mwandiko huu usiushangae. Naandikia mapajani.

Mwambie ndugu yangu atafute miwani yenye kamba, aivae shingoni kama mtu mwenye akili. Mwambie pia sijambo. Hilo la pili lirudie mara mbili, maana huwa hasikii la kwanza.

Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka mwanamke aliyelala upande wa pili akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mtoto niliyempa jina la Kiroboto kwa sababu hakuna kiti kilichomweka dakika tano, leo amepewa kiti chake mwenyewe. Kikalie vizuri. Watu usiwakalie.

Kuhusu ubao sina la kusema, sijawahi kufanya kazi na ubao. Mimi na mama mkwe wa jirani yule tulifua miaka kumi na tisa kwenye chumba kimoja, na lengo letu lilikuwa moja tu: kumaliza kabla jua halijatoka uani, basi. Nina swali moja. Shuka la kitanda ni refu kuliko mtu. Sasa huyo Bi Kona akitulia mezani kwake, pembe ya pili atashika nani?

Mguu unanisumbua kidogo, nilijikwaa. Ni mambo madogo, hayafai kuandikwa. Kilichoniudhi hasa ni kwamba juzi nimelala kwenye shuka bichi. Kwa juu limenyooka vizuri, ndani mvuke. Mgongo wangu umelalamika siku mbili. Nikimpata aliyelikunja nitamweleza.

Naacha hapa, chakula kinakuja saa kumi na mbili kamili na hawapendi kukuta karatasi kitandani.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba amenunua kamba, kisha amepoteza miwani. Mtoto sasa ana meno mawili, na hatari imeongezeka maradufu. Mama ameanza kupanda mboga kwenye ndoo zilizotoboka na anazisemesha kila asubuhi. Anasema zinamsikiliza kuliko sisi.

Ubao umefanya kazi. Wiki mbili za kwanza ungedhani wale siyo watu ninaowajua. Tulikuwa tunatoa kilo mia tatu kwa siku ikiwa siku ni njema. Tukafika mia nne na kumi. Yuko bwana mmoja wa vikaushio tunayemwita Mbio, alikuwa mtu wa kupiga miayo mpaka saa nne. Sasa anawahi kuliko mimi. Anapima, anachorewa nyota yake, anaitazama, anarudi kazini akipiga mluzi. Watu walitaniana, walishindana, na mimi nilikuwa nakuja kazini nusu natembea nusu nakimbia. Bosi alileta wageni wawili kuutazama ubao. Nilivimba kichwa, sitakuficha.

Wiki ya tatu chumba kikanyamaza. Mashine zinalia kama kawaida, ni watu ndio wamenyamaza. Kila mmoja amegeukia kapu lake. Bi Kona alikuwa na shuka kubwa la chumba cha upasuaji, akamwomba Mbio amshikie pembe ya pili kidogo tu. Mbio akamjibu bila hata kugeuka, "Nina kapu langu." Bi Kona akalitandika lile shuka sakafuni juu ya turubai, akalikunja peke yake akitembea kwa magoti. Nililiona hilo nikajitia hamnazo.

Halafu jana sista wa wodi ya wazazi ameshuka na shuka mkononi, akaliweka mezani pangu, akaondoka bila neno. Nimeligusa, ni kavu. Nimepima kilo, zote zipo. Sielewi anataka nini.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako mara tatu. Ni nani anayekuletea chakula saa kumi na mbili kamili, wewe ambaye hukubali mtu aguse sufuria yako? Mwanamke gani amelala upande wa pili, wa pili wa nini? Na tangu lini wewe, unayepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo, ukalala kwenye shuka lililokunjwa na mtu mwingine? Nijibu, Shangazi. Usinipige chenga.

Kiroboto


9 Aprili

Mwanangu,

Nianze na lako, kwa kuwa ni rahisi.

Shuka huligusi kwa juu. Ingiza mkono katikati ya mkunjo, ndani kabisa, uuache humo mpaka uhesabu kumi. Utakuta ubichi. Shuka bichi ni zito kuliko kavu. Ukimpimia mtu kilo, anayelitoa kwenye kikaushio mapema kidogo anapata kilo zaidi na muda zaidi. Wala hakuna aliyekaa akala njama. Mmoja alilitoa mapema siku moja kwa haraka, akaona mizani imefurahi, kesho yake akarudia. Ulidhani unapima kazi, mwanangu. Umekuwa unapima maji.

Nimejuaje? Nimejua kwa mgongo wangu. Sasa nisikilize bila kupiga kelele, na barua hii usimpe baba yako.

Tangu tarehe ishirini na nane Januari niko hospitali ya huku kwetu. Nilipanda kigoda kushusha mapazia niyafue, kigoda kikaenda kwake na mimi kwangu. Paja limevunjika. Wameniwekea chuma, wamenishona, na sasa nimehamishiwa jengo la mazoezi huku nyuma. Nina kitanda cha dirishani. Barua yako ya kwanza niliisomea hapa. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi, na kwa sababu wewe ungemwambia ndugu yangu, na yeye angekuja siku hiyo hiyo kunibeba.

Nampenda ndugu yangu. Lakini kile chumba chake cha nyuma nakijua, kina dirisha moja linalotazama ukuta, na nikiingia mle sitoki. Watanitilia mto mgongoni na kunikataza hata kukunja kitambaa. Daktari amesema mwisho wa Juni. Nikiweza kwenda kwa miguu yangu, nitarudi nyumbani kwangu, kwenye meza yangu ya pasi. Nisipoweza, ataitwa baba yako. Hayo ndiyo yote.

Na mimi nina ubao wangu. Kuna dada wa mazoezi hapa, mfupi, sauti nene, tunamwita Sajini. Amefunga karatasi kwenye chuma cha kitanda: hatua ishirini kwa siku. Nikifikisha anaweka alama. Nina alama kila siku tangu wiki ya pili, Kiroboto, sijakosa hata moja. Unataka kujua ninavyopiga hatua hizo? Nimeshikilia kitanda, napiga hatua ndogo ndogo kama mtu anayekanyaga siafu, kumi kwenda kwenye mto na kumi kurudi. Sijawahi kufika mlangoni.

Niliandika habari ya mashuka yako hapo juu, nikacheka, kisha nikaitazama ile karatasi yangu nikaacha kucheka.

Shangazi yako


14 Aprili

Shangazi,

Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimelia tena, na bado sijaamua nimalizie na lipi. Miezi miwili na nusu. Mimi nakuandikia habari za nyota za chaki, wewe una chuma pajani. Ungenipa kofi ningeelewa zaidi.

Baba sijamwambia. Naapa kwa jino la mtoto. Lakini kila akiuliza, "Shangazi yako hajambo?" nageuka kutazama ndoo za mboga.

Nimeomba ruhusa nije, bosi amekataa: msimamizi wa majaribio hana likizo mpaka majaribio yaishe. Nilifika mpaka mlangoni kwake nikiwa tayari kuacha kazi. Kisha nikafikiri ungeniambia nini, nikarudi.

Nimeingiza mkono. Nimepita kapu kwa kapu jioni watu walipokwisha kuondoka, nikihesabu mpaka kumi kwenye kila kapu. Tisa mabichi. Mbio, bichi. Yule mzee wa mashine namba nne ambaye akiokota kifungo anamtafuta mwenyewe wodi nzima, bichi. Kapu kavu lilikuwa moja tu, la Bi Kona, na kwenye ubao yeye ndiye wa mwisho. Chini ya jina lake kuna mistari myekundu kumi na minne, na yote nimeipiga kwa mkono wangu, Shangazi.

Leo asubuhi ameniletea karatasi. Anaomba kuhamishiwa jikoni. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, na ndiyo maana limeniuma: "Nimefua hapa miaka kumi na moja, mama. Sikujua mimi ni mvivu mpaka nilipoandikiwa."

Karatasi yake ninayo mfukoni. Sijasaini. Ubao nikiufuta bosi ataniuliza kilo ziko wapi, na mwisho wa Mei siyo mbali. Nisipoufuta nitakuwa na kilo bila watu. Niambie nifanye nini.

Na ufike mlangoni. Tafadhali.

Kiroboto


6 Mei

Mwanangu,

Usinitilie machozi kwenye barua, wino unachuruzika. Sijambo. Jirani ameniletea ile khanga yangu ya zamani na habari za ndoa mbili zilizovunjika.

Sajini amenikamata. Alisimama mlangoni muda mrefu akinitazama ninavyokanyaga siafu wangu. Nilingoja anifokee. Akaja akafungua ile karatasi kitandani, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Bibi," akasema, "wewe unataka kufika wapi?"

Miezi mitatu watu wananiambia hatua ngapi, hakuna aliyeniuliza za kwenda wapi, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilimwambia aniache nifikiri. Nilifikiri siku nzima. Kesho yake nikamwambia nataka kufika langoni, kwenye barabara, pale mabasi yanaposimama. Akauliza kuna nini langoni. Nikamwambia kuna mtoto wangu atashuka hapo, hajui kutulia, akinikuta kitandani atanilipukia.

Hakuniandikia chochote. Tangu siku hiyo ananiuliza tu leo tumefika wapi. Siku ya kwanza nilifika mlangoni, jasho chapachapa, nikamtukana Sajini na ukoo wake, akanishukuru. Juzi nimefika kwenye ngazi za famasi. Katikati hapo kuna chumba chao cha kufulia. Nasimama kupumzika mlangoni na kuingiza mkono kwenye makapu yao. Wananiogopa sasa. Zipo siku sifiki hata nusu, narudi nimenuna, sisemi na mtu. Lakini asubuhi mguu unataka kushuka wenyewe, na zamani haukutaka.

Hilo la ubao sikufundishi. Wewe ndiye uliye humo ndani. Mimi nimekuambia nilivyoulizwa.

Ila kuhusu Bi Kona nitasema. Ukikosea mbele ya watu, usiombe radhi chumbani.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo kutoka kwa mtu aliyechoka vizuri. Baba amepata miwani. Ilikuwa kwenye ndoo ya mboga, na mama anasema ndiyo sababu mboga zile zimestawi. Baba anadai ametabasamu peke yake wiki nzima na hajui kwa nini. Mimi najua: nimemsomea kipande cha barua yako kinachosema hujambo.

Haya, nikueleze. Nilizima mashine zote. Hilo halijawahi kutokea mchana, wakadhani umeme umekwenda. Nikasimama mbele ya ubao nikasema mistari kumi na minne chini ya jina la Bi Kona ni makosa yangu, kwamba kapu lake ndilo kavu, na kwamba nimelijua hilo kwa kuingiza mkono kwenye makapu ya wote. Hakuna aliyenitazama. Mbio alikuwa anasoma maandishi ya kikaushio kana kwamba yameandikwa jana. Nikamwomba Bi Kona radhi. Nikamwambia karatasi yake ninayo, nitaisaini akitaka, ila kwanza nina safari moja naomba twende wote.

Nikawapandisha wodini. Hebu fikiria, miaka yote hiyo tunafua mashuka ya hospitali, na sita kati yetu hawajawahi kuona kitanda yanapotandikwa. Mlangoni mwa wodi ya wazazi yule sista alitutazama kama tumekuja kuiba. Kisha akatupeleka kwa mama mmoja aliyejifungua siku hiyo. Mbio aliinama kumsalimu mtoto, akaegemeza mkono kwenye godoro, akauondoa. Akautazama ule mkono. Alikuwa ndiye aliyekunja lile shuka. Alama ya kapu lake, tunayoichora kwa chaki kabla ya kupima, ilikuwa pembeni.

Tuliporudi nikawauliza kama ulivyoulizwa wewe. Tunataka kufika wapi? Waliniangalia kama nimewauliza bei ya mwezi. Kisha mzee wa mashine namba nne akasema angependa madaktari wakipita asubuhi wakute kila kitanda kimetandikwa kikavu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kulazwa. Wakaanza kubishana: saa ngapi madaktari wanapita, wodi ipi ianze, nani amshikie nani pembe. Mimi nilinyamaza, na ilinigharimu. Kelele zimerudi, Shangazi. Wodi nne kabla ya saa tatu, hilo ndilo waliloliweka wao. Tumelikosa siku tatu, tumelifikia siku tano.

Ubao nimeufuta, na kilo zimeshuka. Mia tatu na arobaini. Bosi hakupenda. Nilimpeleka mlangoni nikamwingiza mkono kwenye kapu, akahesabu kumi, akasema, "Sawa, lakini wakubwa nitawaonyesha kilo gani?" Hajanithibitisha. Ameniongezea majaribio mpaka mwisho wa Agosti. Kwa hiyo usinisifu bado.

Na si kila mtu amefurahi. Mbio anaukosa ubao. Nimemkuta amejichorea vijistari vyake kwa chaki nyuma ya kikaushio, anajihesabia peke yake. Nimemwachia. Yeye ndivyo moyo wake unavyokwenda, na mashuka yake sasa ni makavu.

Bi Kona amechukua karatasi yake mfukoni mwangu, akaifanya kabari ya mguu wa meza yake.

Sasa habari yenyewe: bosi amelegea, amenipa siku nne ingawa majaribio hayajaisha. Nitashuka tarehe ishirini na moja, basi linafika kama saa nne asubuhi. Usije langoni. Nasema kwa heshima zote, Shangazi, usije. Kuna ngazi. Nitaingia mwenyewe.

Kiroboto


12 Juni

Kiroboto,

Marahaba.

Nitakuwa langoni. Usibishane na mtu mwenye chuma.

Vaa viatu vya kutembelea.

Shangazi


29 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Baba amejua yote, kwa kuwa nilirudi nikamwambia mwenyewe kama tulivyokubaliana. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Huyo tangu utotoni alikuwa anaanguka kutoka kwenye vitu na kusema hajaanguka." Akaingia kile chumba cha nyuma, akaanza kutoa kitanda alichokuwa amekiweka humo miaka yote kwa ajili yako bila kukwambia. Anasema ataweka baiskeli. Alikuwa anapangusa macho na kusema ni vumbi.

Wewe ulinipokea langoni kwa kunigombeza kwamba basi lilifika saa nne na mimi nimetokea saa nne na nusu, kwamba sijaacha tabia ya kuzurura. Nilikubali. Nikasema nilikwenda kununua maji.

Sikwenda kununua maji. Niliposhuka nilikuona. Ulikuwa umepita ngazi za famasi na umefika ule ukuta mfupi, umeushika kwa mikono miwili. Mkongojo umeanguka. Sajini alikuwa nyuma mbali, ameweka mikono mgongoni ili isimkimbilie mbele. Ilibaki kama urefu wa kamba mbili za kuanikia. Nilitaka kukimbia. Shangazi, nilikwisha kunyanyua mguu. Maisha yangu yote nimekimbia kabla ya kufikiri. Kisha nikakumbuka ulisema ni langoni ndiko unakotaka kufika, siyo kwenye ukuta. Kulikuwa na lori limesimama, nikaingia nyuma yake.

Sikuhesabu. Nilisikia tu ukiuokota mkongojo wako, nao ukianza tena kugonga, nikauma kamba ya begi nisilie kwa sauti. Ulipofika nikangoja mpaka ukanyooka, ukajifuta uso na kutengeneza khanga. Ndipo nikatokea.

Sijui kama nilifanya vizuri kukuacha pale. Nimekuandikia ili unisamehe ikiwa ni kosa. Sikutaka kukuficha, tumefichana vya kutosha mwaka huu.

Daktari ameamuaje?

Kiroboto


10 Julai

Mwanangu,

Ameamua hivi: nakuandikia barua hii kwenye meza yangu ya pasi. Meza ina vumbi la miezi mitano, jirani ana habari za miezi mitano, na vyote viwili nimeanza kuvipunguza. Jioni natembea mpaka kona na kurudi. Sihesabu.

Mwambie ndugu yangu kitanda nimekisikia. Baiskeli aiweke, lakini ufunguo wa chumba anitunzie.

Ulisahau shuka lako hapa nyumbani ulipolala siku zile. Nimelifua, limekauka mpaka ndani, nimeingiza mkono. Lipo juu ya kamba bado. Sikuliangusha turubaini nikatambaa, nina mguu mpya wa kuutunza. Nakungoja uje ushike pembe yako.

Kuhusu maji uliyokwenda kununua. Mimi nimekulea, Kiroboto. Pale kwenye ukuta nilikuwa nimeishiwa kabisa. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwita Sajini alete kiti chenye magurudumu, basi yaishe, nikaishi nikitazama ukuta wa ndugu yangu. Nikainamisha kichwa kuvuta pumzi, na chini ya lile lori nikaona viatu vyako vya njano. Vilikuwa pamoja, ncha zimeelekea kwangu, havitikisiki. Nikavitazama muda mrefu, nikingoja vikimbie. Havikukimbia.

Nikajiambia, ikiwa huyu ameweza kutulia, mimi ni nani nisifike?

Shangazi yako